Ufunguo wa Nne

Mtaani walimwita Kitasa, na hata mkewe, siku roho yake ikiwa nyeupe, alimwita hivyo hivyo. Kibanda chake cha bati kiliegemea ukuta wa posta, chembamba kiasi kwamba mteja mnene alisubiri nje. Ndani mlikuwa na jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila unene, kopo la mafuta ya taa, mashine ya kuchonga funguo iliyokoroma kama mzee mwenye mafua, na ukuta mzima wa funguo ambazo bado hazijachongwa.

Kazi alifundishwa na fundi mmoja mkali aliyekuwa na sheria moja tu: macho kwenye sindano. Mashine ya kuchonga funguo ina sindano inayopita juu ya ufunguo wa mteja, na gurudumu linaloifuata likikata ule mpya. Fundi anayetazama sindano anafanya kazi. Fundi anayetazama meno ya ufunguo anayakariri, na huyo, alisema mwalimu wake, ni mwizi ambaye hajapata nafasi tu. Kitasa aliishika sheria hiyo kama dini. Watu walimletea funguo za nyumba zao, za stoo zao, za makabati wanayowaficha waume zao, naye akazichonga bila kujua upi unafungua nini.

"Mimi kwenye funguo ni kipofu," alipenda kusema.

"Na kwenye mabinti?" walimtania akina mama wa posta.

"Huko nina makengeza."

Watu walicheka, wakamwamini. Ilikuwa ndiyo fahari yake, na hakuwa na nyingine kubwa kuliko hiyo.

Kisha likatoka Agizo. Lilisomwa redioni asubuhi moja, kati ya habari za mvua na tangazo la sabuni: mikusanyiko ya faragha marufuku mpaka hali itakapotulia. Hakuna aliyekuwa ameiona hali yoyote ikichafuka. Jengo la maktaba likapakwa rangi mpya, vitabu vikatolewa kwa lori, na mlangoni pakawekwa kibao cha Ofisi ya Utulivu. Baada ya muda watu waliacha kulitaja jina zima. Walisema Ofisi, na waliposema walishusha sauti kama wanaotaja ugonjwa wa mtu aliyeko chumba cha pili.

Mtu wa Ofisi aliyezungukia mtaa wao alikuwa mpole kupita kiasi. Kila alipoingia mahali alianza na pole. Pole na kazi, pole na jua, pole na foleni. Basi wakamwita Bwana Pole. Alikuwa akimletea Kitasa funguo ndani ya bahasha, mbili tatu kwa wakati, akisema ni za majengo ya serikali, na kila mmoja akitaka nakala. Kitasa alitazama sindano yake, akachonga, akamkabidhi.

Mdogo wake Kitasa, wa kike, alikuwa mwalimu wa somo la uraia. Agizo lilipotoka, shule ziliamriwa kuchana vitabuni sura inayohusu mipaka ya mtawala. Mwalimu alisimama mbele ya darasa, akaichana sura yote, akaitupa kwenye ndoo, kisha akaifundisha kwa kichwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipoitwa kujieleza alisema, "Mlisema nichane, nimechana. Hamkusema nisahau." Kazi ikaota mbawa, na nyumba ya shule nayo. Akahamia kwa kaka yake, chumba cha nyuma kinachotazama ukuta wa jirani. Mchana baadhi ya wanafunzi wake wa zamani walikuja kusoma. Walikuja mmoja mmoja, wakaingia kwa mlango wa uani, na mlango ukarudishwa.

Mkewe Kitasa hakulipenda jambo hilo, na hakulificha. "Nyumba imekuwa stendi," alisema. Alishona katika karakana ya sare, na karibuni karakana ilikuwa imepewa sare za walinzi wa Ofisi. Msimamizi alimsifu kwa mishono yake. Kitasa aliisikia sifa hiyo mezani, akafurahi naye. Baadaye angeikumbuka kwa namna nyingine.

Siku moja Mwalimu aliitwa Ofisi. Alikalishwa kwenye benchi kutwa nzima, mkoba wake umezuiliwa mapokezi, na jioni akaambiwa maneno machache. Safari hii tumekusamehe. Siku tukikuta kwako kitu ambacho hakitakiwi kuwepo, utakwenda ndani, na hatutakuwa na haja ya kukuita tena. Alirudi nyumbani, akanywa maji, akalala na nguo za kutokea.

Sasa, Kitasa alikuwa na desturi na mlango wake mwenyewe. Hakutia mafuta kitasa, maana mafuta huvuta vumbi. Alisaga ncha ya penseli, akapuliza unga ule mweusi tunduni, na ufunguo ukaingia kama unaingia kwenye siagi. Jioni moja, wiki chache baada ya Mwalimu kutoka Ofisi, alifungua mlango, akauchomoa ufunguo, na kwa mazoea akaupangusa kwa kidole. Kidole kikatoka cheusi. Juu ya weusi ule palikuwa na kitu kinachometameta.

Alisogea kwenye mwanga. Ulikuwa unga wa shaba.

Ufunguo mpya hutapika unga kwa mara kadhaa za mwanzo, mpaka meno yake yazoeane na kitasa. Ufunguo wa zamani hautapiki kitu. Nyumba yake ilikuwa na funguo tatu: wake, wa mkewe na wa Mwalimu. Zote zilikuwa zimelainika kama kokoto za mtoni. Palikuwepo ufunguo wa nne, mpya, na mtu alikuwa ameshautia pale mlangoni.

Hakumwambia mtu. Alisafisha kitasa kwa brashi, akatia penseli mpya, akasubiri. Siku kadhaa zilipita safi. Kisha, siku ambayo mkewe alikuwa karakana na Mwalimu ametoka kutafuta kazi, unga ukaonekana tena.

Ndani hapakuwa na kilichopotea, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Mwizi angechukua redio. Huyu hakuchukua chochote, na mtu anayeweza kuingia asichukue anaweza pia kuingia akaweka. Karatasi moja chini ya godoro la Mwalimu ingetosha. Kitasa akawa anaingia chumba cha dada yake asipokuwepo, anainua godoro, anapapasa juu ya kabati, anarudisha kila kitu kilivyokuwa. Akitoka alijiona mwenyewe kama yule mwingine.

Na kichwa hakikutulia. Nani ametoa ufunguo? Alianza kuwatazama watu wake kwa pembe ya jicho. Mwalimu alikuwa na alama kwenye ufunguo wake, plasta nyekundu aliyoizungushia kichwani ili asiuchanganye na mwingine. Kitasa aliona kwamba plasta ile ni mpya. Kwa nini mtu abadilishe plasta? Akaliweka moyoni. Kisha akamtazama mkewe. Sare za Ofisi. Sifa za msimamizi. Nyumba imekuwa stendi. Jioni moja mkewe alichelewa kurudi, akasema palikuwa na kazi ya ziada, na Kitasa akajikuta anamuuliza kazi gani, na nani mwingine alibaki, na mbona mikono haina chaki ya kuchorea vitambaa.

"Nimenawa," mkewe alisema. "Siku hizi kunawa kuna kibali?"

Chakula kikaliwa, watu watatu mezani, na kila mmoja akisikiliza jinsi mwenzake anavyotafuna.

Asubuhi ya Jumapili, mkewe alipokuwa anaoga, Kitasa aliufungua mkoba wake. Alitoa ufunguo, akausogeza dirishani, akauangalia kwa kioo chake cha kukuzia. Mtu akitaka kuiba sura ya ufunguo huukandamiza kwenye sabuni, na sabuni hubaki kwenye vipembe. Hakuona kitu. Akaunusa.

"Umepoteza nini humo?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na taulo, maji yakimtiririka shingoni.

"Nilikuwa natafuta sindano."

"Sindano. Na huo ufunguo unaunusa ili ukuonyeshe njia?"

Kitasa akaushusha mkoba. Hapakuwa na mahali pa kukimbilia, kwa hiyo akasema yote, unga wa shaba, penseli, godoro la Mwalimu. Mkewe aliketi kitandani polepole.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema ni wewe."

"Hujasema. Umepekua." Alijifuta uso kwa ncha ya taulo, ingawa ulikuwa umeshakauka. "Baba watoto, pale karakana tunapekuliwa getini kila jioni. Kuna dada mmoja ananipekua mimi. Kabla hajaniwekea mikono husema samahani mama. Kila siku. Wewe umenizalisha watoto ambao leo wana nyumba zao, na hata hiyo samahani hukuitoa."

Kitasa alibaki ameushika ufunguo kama mtoto aliyekamatwa na sukari mkononi.

"Wifi yangu sijawahi kumpenda sana," mkewe aliendelea, sauti imeshuka. "Na yeye hajawahi kunipenda, anadhani sijasoma ndiyo maana nanyamaza. Lakini nimuuze? Kwa nani, kwa wale?" Akalikaza taulo kifuani. "Tena unahangaika kuuliza nani ametoa ufunguo. Mbona hujauliza nani amechonga?"

"Sijakuelewa."

"Unanielewa. Mji huu una wachonga funguo wangapi?"

Palikuwa na wawili. Yule wa pili, wa stendi, mashine yake ilikuwa imekufa tangu mvua za mwaka uliopita.

Kitasa hakumaliza chai. Alikwenda kibandani, Jumapili, posta imefungwa, akajifungia ndani na taa. Chini ya meza palikuwa na debe la funguo zilizoharibika, zile ambazo gurudumu limeteleza likakata pasipotakiwa. Alizimwaga zote juu ya gazeti, na kwa mara ya kwanza tangu aijue kazi hiyo alifanya alichokatazwa. Alizisoma meno. Alizichukua moja moja, akaziegemeza kwenye ufunguo wa nyumba yake, akazitazama dhidi ya mwanga.

Aliupata karibu na mwisho. Meno manne yalilingana na yake kama pacha, na la tano lilikuwa limekatwa kwa kwenda chini sana. Uliharibika, akauweka kando, akachonga mwingine uliotoka sawa. Sasa alikumbuka. Bahasha ya Bwana Pole. Funguo tatu. Mmoja kichwa chake kilikuwa kinanata gundi, uchafu wa plasta iliyobanduliwa. Kitasa hakupenda kumrudishia mteja kitu kichafu. Alikuwa amechovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaifuta gundi yote, akaung'arisha ufunguo mpaka Bwana Pole akasema, "Pole kwa kukusumbua, fundi. Wewe ni muungwana."

Macho kwenye sindano. Heshima ile ile iliyomfanya aaminiwe na mtaa mzima ndiyo waliyoitumia. Hawakuwa na haja ya kumtisha wala kumhonga. Walijua tu kwamba hatatazama.

Aliporudi alimkuta Mwalimu uani anaanua nguo.

"Plasta ya ufunguo wako uliibadilisha lini?"

Mwalimu aliitua chini nguo aliyoishika. "Niliporudi kutoka kule. Nilikuta ile ya zamani haipo. Nikafunga nyingine."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, kaka? Kwamba plasta imepotea?" Alitazama dirisha la jikoni, ambako vyombo vilikuwa vikigongana. "Baadaye nikaanza kuona vitu chumbani kwangu vimesogea. Kiti. Mto. Mara nadhani akili inaniruka, mara nadhani ni wifi anakagua. Halafu siku moja nikakuona wewe kwa dirisha, umeinua godoro langu."

Kitasa aliinama, akaiokota ile nguo.

"Nilikaa siku mbili najiuliza wamekupa nini," dada yake akasema. "Nisamehe."

Vyombo vya jikoni vilikuwa vimenyamaza. Mkewe alikuwa amesimama kwenye kizingiti anasikiliza, kitambaa cha kufutia sahani begani, na kwa kitambo wote watatu walitazamana kama wageni walioteremshwa kituo kimoja.

"Walikuwa wanatafuta nini?" mkewe akauliza.

"Labda hawatafuti," Mwalimu alisema. "Labda wanataka tuishi hivi. Nilikuwa nawafundisha watoto kwamba serikali inasimama mlangoni, na ikitaka kuingia iende kwanza kwa hakimu. Nilidhani ni sheria ya kuwazuia wao tu. Sikujua inatuzuia na sisi tusigeukane."

"Ungefundisha hivyo," alisema mkewe Kitasa, "hata mimi ningekaa darasani."

Ilikuwa nusu utani. Mwalimu akacheka nusu.

Jumatatu Bwana Pole alikuja na bahasha yake kabla jua halijapanda. Kitasa alikuwa akimngojea tangu alfajiri.

"Pole na kazi, fundi. Leo ni mmoja tu."

Kitasa aliupokea ufunguo, na hakuupeleka kwenye mashine. Aliuinua kwenye mwanga, akausoma. Aliujua. Kitasa chake alikuwa amekifunga yeye mwenyewe, mlango wa buluu kwenye kona, kwa nesi wa zahanati, mjane mpenda maneno, ambaye wiki iliyopita alisema hadharani kwenye foleni ya maji kwamba wagonjwa wake wawili walitoka Ofisi na mbavu zimevunjika.

"Huu ni wa jengo gani?"

"La serikali."

"Sawa. Mwenyewe yuko wapi?"

Bwana Pole alitabasamu kama aliyesikia mzaha wa mtoto. "Mwenyewe ni serikali, fundi. Nimesimama mbele yako."

"Serikali ina milango yake, bwana. Huu si wake." Akamrudishia ufunguo mkononi. "Kuanzia leo nachonga ufunguo mwenye mlango akiwa amesimama hapa. Kama hayupo, niletewe amri ya hakimu yenye muhuri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kabla, na sijasikia redioni kwamba imefutwa."

"Wewe si ulisema kwenye funguo ni kipofu?"

"Nimepona."

Bwana Pole alicheka, kicheko kifupi cha puani, akaurudisha ufunguo kwenye bahasha bila haraka. Aliutazama ukuta wa posta, akaugonga kwa kiganja mara chache kama anayepima tikiti maji sokoni.

"Kibanda hiki kimeegemea ukuta wetu. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Pole sana, fundi," alisema, na safari hii ilikuwa kama anamaanisha.

Haikufika adhuhuri umeme ukakatika. Kitasa alitoka nje kuangalia. Taa za posta zilikuwa zinawaka, feni ya dirisha la stempu inazunguka. Akina mama wa posta waliinamisha vichwa kwenye kazi zao, na yule mtani wao mkubwa hakumwona kabisa, ingawa alikuwa amesimama mbele yake.

Basi akafunga kibanda, akaweka tupa zake na vitasa viwili vipya kwenye mfuko, na njiani akapitia mlango wa buluu. Nesi, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alifungua akiwa na mswaki mdomoni.

"Nimekuja kubadilisha kitasa chako."

"Kwani kimeharibika?"

"Kimezeeka."

Nesi alimtazama muda mrefu. Kitasa aliona jinsi macho yake yanavyopima: huyu ametumwa, au hakutumwa? Siku hizi swali hilo lilikuwa machoni mwa kila mtu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kulikasirikia. Mwishowe nesi akatema povu kando, akamwachia nafasi apite, lakini alisimama nyuma yake mpaka skrubu ya mwisho.

Kwake alimaliza jua linashuka. Kitasa kipya, na funguo alizozipiga tupa kwa mkono, kiti kikiwa uani na unga wa shaba ukimwagika mapajani mwake. Alichonga mbili. Mmoja akampa dada yake, ambaye aliutazama, akaenda moja kwa moja kutafuta plasta. Wa pili akampa mkewe kwa mikono miwili.

"Na wako?" mkewe akauliza.

"Mimi nitabisha hodi."

"Utabisha nyumbani kwako?"

"Ndiyo."

Mkewe aliuweka ufunguo ndani ya mkoba, akaufunga zipu, akauning'iniza palepale ulipokuwa ile Jumapili, mahali ambapo kila mtu angeweza kuufikia.

Umeme wa kibandani haukurudi. Kitasa aliendelea kufanya kazi kwa tupa, polepole, kwa wale wachache waliothubutu kuja na kusimama hapo wenyewe mpaka amalize. Wengine walivuka barabara walipomkaribia. Hakujua ni lini wangekuja kubomoa bati lake, wala kama wangeanza na bati au na yeye. Fundi wa stendi alionekana amepata mashine mpya.

Jioni alifika mlangoni kwake, akabisha. Ng'ambo ya barabara mtu asiyemjua alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu, na aliendelea kuzifunga. Ndani zikasikika hatua, zikasimama upande wa pili wa ubao.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Angeweza kucheka. Aliijua sauti ile kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha kuuliza hivyo.

"Kitasa," alisema. "Niko peke yangu. Naomba kuingia."

Pazia la dirisha lilisogea upana wa jicho, likarudi. Kisha akasikia ufunguo ukiingia, bado unakwaruza, bado haujazoeana na tundu lake, na mkewe akiuzungusha taratibu, bila haraka yoyote.